Hema jepesi la mwanao: uliza hali ya hewa kabla ya bei

Ujumbe huu umeingia kwenye simu yangu wiki hii kutoka kwa mama mmoja wa Morogoro. Nauweka karibu kama alivyouandika:

"Dada, habari za kazi. Kijana wangu yuko kidato cha pili. Klabu yao ya mazingira wanakwenda Lushoto likizo ya Juni, watatembea kwa miguu na kulala porini siku tatu. Kwenye orodha ya vitu wameandika 'hema jepesi la watu wawili'. Nimepita madukani, kuna la bei ya kawaida na kuna la bei ya mbuzi watatu, na kwa macho yangu yote ni mahema. Lipi litamfanya asirudi na nimonia?"

Mama, shikamoo, na asante kwa swali. Nalijibu hapa kwa sababu najua hauko peke yako. Safari za klabu, skauti na makanisa zimekuwa nyingi, na orodha ya vitu huja na mstari mmoja tu kuhusu hema, kana kwamba mzazi alizaliwa mlimani.

Nianze na nimonia, maana ndiyo iliyokuleta. Nimonia husababishwa na vimelea, hasa bakteria na virusi, si baridi peke yake. Kijana anaweza kutetemeka usiku kucha akarudi bila hata kikohozi. Kinachonitia wasiwasi kwenye safari za namna hii ni vitu vingine viwili ambavyo havisemwi sana kwenye vikao vya wazazi: mwili kupoteza joto kuliko unavyolitengeneza, na jiko la mkaa kuingizwa ndani ya hema ili "kupasha hewa". Cha pili huja kwa sababu ya cha kwanza. Na cha kwanza mara nyingi huanzia dukani, siku ile hema lilipochaguliwa.

Hema si blanketi

Wengi tunaliona hema kama blanketi kubwa lenye zipu. Silo. Kitambaa chenyewe ni chembamba kuliko shati la shule. Kazi yake ni kuzuia upepo, maji na wadudu, basi. Joto linalokuwemo ndani usiku limetoka kwenye miili ya waliolala humo, nalo linatoroka kwa juu, kwa pembeni na zaidi kwa chini, kupitia ardhi.

Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa yenye ubaridi uleule. Ndiyo maana mtoto mkavu kwenye nyuzi joto 10 atalalamika tu, lakini mtoto aliyelowa, upepo unampiga, kwenye nyuzi hizohizo 10, anaweza kufika pabaya kabla hakujapambazuka. Hali hiyo huitwa haipothemia: joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35. Haihitaji barafu. Na watoto hupoa haraka kuliko sisi, kwa kuwa eneo la ngozi yao ni kubwa ukilinganisha na uzito wao.

Kujua baridi itakayokuwepo si uganga. Kila unapopanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo usiku ambao mtu wa Dar es Salaam anajifunika shuka moja kwenye nyuzi 20, Lushoto ni kama nyuzi 11 au 12, na misitu iliyo juu ya mji ni baridi zaidi. Kitulo, kule wanakopaita Bustani ya Mungu kwa maua yake, ni zaidi ya mita 2,600. Usiku wa Juni na Julai kule majani huamka meupe kwa sakitu. Watu wa Makete hawanihitaji mimi niwaeleze.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwalimu si "hema la aina gani?" bali "mnalala wapi hasa, na ni juu kiasi gani?" Jibu hilo ndilo litakalokuchagulia hema.

Kifuniko kifike chini

Ukisimama mbele ya mahema mawili dukani, usianze na rangi wala idadi ya madirisha. Angalia kifuniko cha nje, kile kinachokuja juu ya chumba cha kulala kuzuia mvua.

Mahema mengi ya bei rahisi yana kifuniko kidogo kama kofia ya baraghashia: kinakaa juu tu, pembeni pote pako wazi, kitambaa kimoja. Kwa kulala ufukweni Bagamoyo usiku wa Januari hema hilo linafaa kabisa, tena lina hewa nzuri. Kwa Usambara halifai. Mvua ya milimani haiji kutoka juu peke yake, huja ubavuni pamoja na upepo na ukungu. Kifuniko cha kofia kitazuia tone la kwanza, la pili litapita kwenye ubavu na kuingia kwenye mfuko wa kulalia.

Tafuta hema la tabaka mbili: chumba cha ndani cha neti au kitambaa kinachopumua, na kifuniko kamili kinachoshuka hadi karibu na ardhi pande zote, kikiacha nafasi ya vidole vichache kwa ajili ya hewa. Hizo tabaka mbili zina sababu ya kiafya. Watu wawili wakilala humo usiku mzima, pumzi na jasho lao hutoa mvuke mwingi. Mvuke huo ukikutana na kitambaa baridi hugeuka maji. Kwenye hema la tabaka moja maji hayo huwadondokea usoni, na asubuhi mtoto anasema hema linavuja ilhali halivuji. Kwenye tabaka mbili, maji hubaki kwenye kifuniko na kuteremka nje.

Kwenye lebo utaona namba yenye milimita, kwa mfano 1,500 au 3,000. Maana yake ni urefu wa maji yanayoweza kusimama juu ya kitambaa hicho kabla hakijaanza kupitisha: 1,500 ni mita moja na nusu ya maji. Kwa kifuniko, 1,500 inatosha mvua zetu nyingi ikiwa hema limekazwa vizuri. Kwa sakafu napendelea 3,000 au zaidi, kwa kuwa goti la mtu mzima aliyepiga magoti kwenye udongo uliolowa husukuma maji kwa nguvu kuliko tone la mvua. (Mahema ya gharama yaliyopakwa silikoni huandikwa hata 1,200 na bado hukaa makavu. Namba peke yake si kila kitu, lakini hema la dukani lisilo na namba kabisa liache hapohapo lilipo.)

Halafu mishono. Kila sindano ilipopita ni tundu. Hema la kweli lina utepe mwembamba umebandikwa kwa ndani kufuata kila mshono wa kifuniko. Pitisha kidole. Kama hakuna utepe, ulizia gundi ya mishono, au ujue kwamba unanunua mwavuli wenye matundu.

Uzito, na mgongo wa mtoto

Neno "jepesi" kwenye orodha ya shule halikuwekwa kwa mapambo. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri begi la shule lisizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mtoto. Kijana wa kilo 40, kwa kipimo hicho, anabeba kilo 4 hadi 8. Ndani ya hizo kuna maji, na lita moja ya maji ni kilo nzima, kuna chakula, nguo na mfuko wa kulalia. Ukimpa hema la kilo 4, umeshammaliza kabla hajafunga kamba za viatu. Mtoto aliyechoka hutoa jasho sana, hufika kambini amelowa, na jioni ikiingia hana nguvu ya kusimika hema kwa umakini. Uzito na baridi ni ndugu.

Hema zuri la watu wawili la kubeba mgongoni lina kilo 2 hivi au pungufu. La kilo 2 na nusu linavumilika, kwa sababu hema hugawanywa: mmoja abebe kitambaa, mwenzake abebe fito na vigingi. Hii waambie mapema, watoto hawaifikirii.

Wepesi wa kuukataa ni ule uliopatikana kwa kukata kifuniko. Afadhali gramu 300 za ziada zinazofika hadi chini. Kwenye fito pia uliza: za alumini hujipinda, za faibaglasi hupasuka na kutoa vipande kama miiba ya samaki. Kwa milimani lipia alumini.

Na usisahau kwamba "la watu wawili" ni hesabu ya kiwandani. Upana wake ni kama sentimita 130, yaani watu wawili bega kwa bega, mabegi yakiwa nje kwenye kibaraza. Hilo kwa baridi ni jambo jema. Hema kubwa lenye watoto wawili ni nyumba tupu.

Kama pesa ni ya mitumba

Tuongee ukweli, familia nyingi hazitanunua hema jipya la alumini kwa ajili ya siku tatu. Njia ya kwanza ni kukodi. Moshi na Arusha zina watu wanaokodisha vifaa vya kupandia mlima, na shule ikiagiza kwa pamoja hupata bei ya maana. Njia ya pili ni mitumba, na humo kuna hazina. Hema lililotumiwa Ulaya mara nne likatupwa kabatini linaweza kuwa bora kuliko jipya la dukani. Lakini linunue kwa pua na vidole, si kwa macho.

Likunjue lote hapohapo. Muuzaji atakunja uso, mwache akunje. Nusa kwa ndani. Kama linatoa harufu kama ya maziwa aliyocheua mtoto mchanga, na kitambaa kinanata vidoleni, ule utando wa kuzuia maji umeoza. Hakuna fundi wa kuurudisha. Ukiona unga mweupe au maganda yanabanduka, ni ugonjwa uleule. Madoa meusi ya ukungu kwenye kona ni tatizo jingine, na kwa mtoto mwenye pumu ni sababu ya kuliacha hata likiwa la bure.

Hesabu vipande vya fito na uviunganishe vyote. Kamba ya mpira ya ndani ikilegea si kitu, hubadilishwa kwa shilingi chache. Ufito uliopasuka ndio wa kukimbia. Zipu ikikataa kufunga, mara nyingi ni kichwa chake tu kimechoka, na fundi viatu wa mtaani atakubadilishia wakati unasubiri. Tundu dogo kwenye neti hushonwa. Kifuniko kisipokuwepo, na muuzaji akakuambia "hili halina, ndivyo lilivyotengenezwa", mshukuru uende.

Ukifika nyumbani lisimike uani, mwagia maji kwa ndoo yenye matundu au mpira wa bustani kwa dakika 10, kutoka juu na kutoka ubavuni, kisha mwambie mtoto aingie na kitambaa kikavu apapase kona zote. Penye unyevu, mtajua kabla ya Lushoto.

Asimike mwenyewe, na gizani

Hema bora likisimikwa vibaya ni turubai la bei ghali. Kijana wako alisimike nyumbani angalau mara mbili, mara ya pili baada ya magharibi, akiwa na tochi tu. Usimsaidie. Kaa kibarazani unywe chai.

Mwenye uwanja mdogo wa sementi atumie mawe badala ya vigingi, lakini ajue kwamba penye udongo kigingi hukitwa kikiwa kimeinama, kichwa kikitazama mbali na hema, ili kamba inapovuta kisichomoke. Kwenye mchanga wa pwani vigingi vya sindano havishiki. Funga kamba kwenye kifuko kilichojazwa mchanga au kijiti, ukifukie kwa kina cha mkono.

Penye upepo, mgongo wa hema, ule upande mfupi na mwembamba, ndio unaotazama upepo unakotoka. Mlango utazame pengine. Kigingi cha kwanza kikitwe upande wa upepo, vinginevyo kifuniko kitaruka kama tiara na watoto watakimbizana nacho mpaka bondeni. Zile kamba za pembeni ambazo watu huziacha zimeviringishwa mfukoni ni za nguvu. Upepo ukianza, zote zifungwe.

Kifuniko kisiguse chumba cha ndani popote. Kikigusa, maji hupita hapo. Nailoni ina tabia ya kulegea ikilowa, kwa hiyo hema lililokazwa saa 11 jioni litakuwa limelala ifikapo saa 3 usiku. Mtu mmoja atoke kabla ya kulala akaze kamba zote tena. Ni dakika mbili, na ndiyo tofauti kati ya watoto wakavu na watoto waliolowa kwenye hema moja na mvua moja.

Mvua ikiwakuta njiani kabla hawajasimika, wawili washike kifuniko juu kama paa huku mwenzao akipitisha fito chini yake. Chumba cha ndani kikilowa mwanzo, hakitakauka usiku huo.

Kama wanatandika turubai la chini kulinda sakafu, liwe dogo kuliko hema. Likichomoza nje hata kiganja kimoja, linakinga maji ya mvua na kuyapeleka moja kwa moja chini ya mtoto. Hili nimeliona kwenye picha nyingi za safari za shule, turubai la bluu limetandazwa kama zulia la harusi na hema katikati.

Mahali pa kusimika

Hapa ndipo namwomba mwalimu asome pamoja nasi. Bondeni huonekana pazuri, pametulia, maji yako jirani. Lakini hewa baridi ni nzito na usiku usio na mawingu hushuka na kutuama kule chini kama maji kwenye bakuli. Kupanda kidogo tu kando ya mteremko huwa na joto zaidi. Kileleni nako upepo hauna huruma, na radi ikija kitu kirefu peke yake ndicho kinachoanza. Chini ya mti mkubwa wenye matawi makavu pia hapana.

Likizo ya Desemba ina sheria yake moja kubwa: msilale kwenye njia ya maji, hata kama ni kavu. Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka mlima Hanang yaliingia Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Na huo ulikuwa mji wenye nyumba, si kambi ya mahema. Kama kuna korongo, mchanga uliolala kwa mistari, au takataka zilizokwama kwenye vichaka kwa urefu wa kiuno, maji yameshapita hapo na yanajua njia ya kurudi.

Kwenye joto la pwani au Mikumi, mambo hugeuka. Hema litafutiwe kivuli na upepo, kifuniko kikunjwe hadi mawingu yaonekane, neti ibaki. Zipu ifungwe kabla jua halijazama na isichezewe, maana mbu wa malaria huuma zaidi usiku. Na mchana, mtoto mdogo asilazwe ndani ya hema lililo juani hata kwa dakika chache. Humo ndani hugeuka tanuri.

Jiko libaki nje, hata likiwa limeiva

Sasa jambo lililonifanya nikubali kuandika ukurasa mzima kuhusu mahema.

Mkaa ukiwa mwekundu, hauna moshi, ndiyo maana tunauamini. Lakini ndio wakati unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anaendelea kupumua ilhali damu haibebi hewa. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, yaani zilezile za mtoto aliyetembea siku nzima. Anasema amechoka, analala, haamki.

Hema ni dogo, na watoto hupumua haraka kuliko watu wazima. Kufungua zipu kidogo si kinga. Jiko lililozimwa nusu na kufunikwa majivu si kinga. Jiko la gesi nalo lina hatari hiyohiyo, na kitambaa cha nailoni kikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Naongeza na dawa ya mbu ya kuchoma, mshumaa na koroboi. Mwanga ni tochi. Chakula hupikwa nje, na jiko libaki mbali na mlango hadi asubuhi.

Mkimkuta mtoto ndani ya hema lenye jiko amelegea au anaumwa kichwa, mtoeni nje kwenye hewa safi hapohapo pamoja na wote waliokuwa naye, kisha hospitali, hata kama amepata nafuu njiani. Anahitaji oksijeni na uangalizi.

Watoto hawaingizi jiko kwa utundu. Wanaliingiza kwa sababu wana baridi. Kwa hiyo pesa uliyookoa kwenye hema iweke chini ya mgongo wake: godoro la povu au mkeka mnene wa kukunja. Kulala juu ya ardhi tupu ukiwa umejifunika mablanketi mawili ni kazi bure, joto linaondoka kwa chini. Seti moja ya nguo kavu, soksi na kofia ya sufi iwe ya kulalia tu, ndani ya mfuko wa plastiki, haivaliwi mchana hata aloweje. Ale chakula kizito kabla ya kulala, na karanga ziwe karibu. Akiamka ana haja ndogo aende, asijibane. Chupa ngumu ya maji ya moto, iliyofungwa vizuri na kuvikwa soksi, ikikaa katikati ya mapaja hupasha kuliko jiko, na haiui mtu.

Waambie pia waangaliane. Mwenzao anayetetemeka sana, vidole vimekataa kufunga zipu, anaongea kama mlevi au amenyamaza ghafla, huyo mwili umeanza kushindwa. Kutetemeka kukikoma ilhali bado ana baridi si nafuu, ni hatari zaidi. Avuliwe nguo zilizolowa, avalishwe kavu kichwa na vyote, awekwe katikati ya wenzake kwenye godoro, apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama yuko macho na anameza vizuri. Asisuguliwe mikono na miguu, asiogeshwe maji ya moto. Na mtu mzima aamshwe, saa yoyote.

Kwa mama wa Morogoro, basi: kama walimu wanathibitisha ni Lushoto na misitu ya juu yake, hilo la bei ya kawaida ninunue lini? Siku ile utakapolikunjua dukani ukakuta kifuniko kinafika chini, mishono ina utepe na fito si za kupasuka. Yakikosekana hayo, kodi. La mbuzi watatu acha, labda kama mdogo wake naye atapanda.

Akirudi, hema lisikae kwenye begi hata usiku mmoja. Lianikwe siku hiyohiyo kivulini mpaka mishono ikauke, maana jua kali nalo huchosha nailoni. Matope yapanguswe kwa kitambaa na maji matupu. Lisitiwe kwenye mashine ya kufulia wala kwenye beseni la sabuni ya unga, huo utando wa ndani ndio unaotakiwa kuzuia mvua ya Desemba.